Mkulima akatwe kodi ya mapato?

Swali: Mhariri shikamoo, huku Urambo jamaa kijiweni anasema mkulima asikatwe kabisa kodi ya mapato kwa sababu ni maskini, hoja hiyo ina nguvu kweli?

Jibu: Marahaba. Hapo kachemka, mwenye ekari 2 za tumbaku na mwenye ekari 200 na Fuso mbili uani wote wakulima, sasa maskini nani? Angegusia ushuru wa mazao ningemsikiliza, ule ulioshushwa 2017 toka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, maana unapigwa kwenye mauzo sio faida, yaani mbolea, vibarua, kuni za bani la kukaushia tumbaku, hakuna kinachotolewa, hata ukila hasara asilimia ni ileile. Atakwambia analipa mnunuzi. Sawa, ila bei si anakushushia wewe!