Usiwashe tanuri Jumamosi: kichwa cha farasi bado kina maji

Usiwashe tanuri hilo Jumamosi. Umeuliza kuhusu ukubwa wa banda la kufinyangia bustanini, kuhusu paa, na kama sanamu zako zitahimili mvua, lakini katikati ya maswali hayo umeandika sentensi moja iliyonishtua kuliko yote: kwamba kichwa cha farasi ulichofinyanga hakina uwazi ndani, kwamba kimekaa bandani wiki mbili na kwa nje kimekuwa cheupe, na kwamba umekitoboa matundu kwa sindano ya kufumia ili hewa itoke. Ndivyo nilivyofanya mimi, hatua kwa hatua, mpaka na sindano yenyewe.

Sanamu yangu ilikuwa kichwa na mabega ya mama yangu. Nilimfinyanga kwa miezi minne, nikirudia mikunjo ya kilemba chake kila jioni baada ya kazi za shamba, na unene wa udongo pale shingoni ulizidi kiganja changu. Niliiweka tanurini pamoja na vyombo vidogo kumi na kimoja, kwa kuwa niliona ni upotevu kuchoma kitu kimoja peke yake. Haikupita saa mbili tangu niwashe nikasikia mshindo, kisha mwingine, kisha milio midogo midogo kama mahindi yanayokaangwa. Nilipofungua siku iliyofuata sikukuta hata kipande kimoja ambacho ningeweza kusema hili lilikuwa jicho au hili sikio. Vyombo vyote kumi na kimoja vilikuwa vimevunjwa na vigae vilivyoruka, na waya za joto ukutani zilikuwa zimeng'oka mahali pawili. Waya zilinunuliwa nyingine. Ile sura sijaweza kuifinyanga tena, kwa sababu mama hayupo wa kukaa mbele yangu.

Aliyenipoteza alikuwa mwalimu wa mafunzo mafupi niliyoyalipia, ambaye alitufundisha kwa kujiamini kabisa kwamba kinacholipua sanamu ni hewa iliyonaswa, na kwamba ukishatoboa matundu umemaliza. Bado nina hasira naye, kwa kuwa mtu anayepokea ada za watu ana wajibu wa kujua kitu anachokifundisha. Hewa inayopashwa joto kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 1,000 za Selsiasi hutanuka mara nne na kidogo tu, na udongo mkavu una vinyweleo vya kuipitisha polepole. Maji ni jambo jingine kabisa: yakichemka na kugeuka mvuke huhitaji nafasi kubwa takriban mara 1,700, na mvuke huo ukizaliwa ndani ya bonge la udongo kwa kasi kuliko unavyoweza kupenya nje, hujitafutia njia kwa nguvu. Matundu yako ya sindano hayana ubaya, lakini hayakaushi kiini kilicho sentimita kumi kutoka juu.

Weupe unaouona nao unakudanganya. Ngozi ya nje hukauka kwanza na kubadilika rangi, ilhali katikati kungali na unyevu, na kadiri unene unavyoongezeka ndivyo muda unavyorefuka kupita unavyodhani. Weka shavu lako kwenye sanamu: ukihisi ubaridi, maji bado yanatoka. Hata shavu, hata hivyo, halijui kiini, na ndiyo maana nina kanuni moja ambayo sijaivunja tangu siku ile: hakuna kinachoingia tanurini kwangu kabla mizani haijasema. Ninapima kila sanamu kila asubuhi, ninaandika uzito kwa chaki kwenye mlango wa banda, na hadi namba isibadilike kwa siku tatu mfululizo, tanuri halifunguliwi. Baada ya hapo bado ninashikilia joto kati ya nyuzi 80 na 90 usiku kucha, chini ya kiwango cha kuchemka, kwa sababu udongo ulioacha kupungua uzito umelingana tu na unyevu wa hewa ya bandani. Maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hutoka baadaye, kati ya nyuzi 350 na 600, kwa hiyo hata huko ninapandisha joto taratibu.

Kwa kazi zijazo, ondoa udongo wa ndani ungali unakatika kwa waya: pasua kichwa vipande viwili, chimba mpaka kuta zibaki na unene wa sentimita mbili hadi tatu, kwaruza kingo, zipake uji wa udongo uleule, kisha uviunganishe. Changanya pia vigae vilivyosagwa kwenye udongo wako, kwa maana hupunguza kusinyaa na kuupa mvuke njia ya kupita.

Kuhusu huyo farasi aliyekwisha kauka, hujapoteza kitu isipokuwa muda. Udongo ambao haujachomwa huyeyuka ukiulowesha majini na kufinyangwa upya, jambo ambalo hakuna awezaye kulifanya kwa vigae vilivyotoka tanurini. Ukishindwa kumvunja, na ninaelewa ukishindwa, basi kesho asubuhi mweke kwenye mizani na uandike uzito wake, keshokutwa fanya hivyo hivyo, kisha uje utuwekee hapa namba zote mbili kabla ya Jumamosi.