Namna ya kumwomba mtengenezaji alete mchezo wake kwenye Linux

Ndugu yangu wa Sinza, umeuliza ufanyeje ili watengenezaji wa mchezo wa magari unaoupenda wautoe pia kwa ajili ya Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta. Nakushauri usianze na hotuba kuhusu uhuru wa programu, kwa sababu mtengenezaji hupiga hesabu ya mauzo na ya gharama za kuhudumia wateja. Ujaribu kwanza kwa Proton, programu ambayo Valve, kampuni yenye duka la michezo la Steam, waliitoa mwaka 2018 ili michezo ya Windows ifanye kazi kwenye Linux; ukikwama, weka PROTON_LOG=1 %command% kwenye mipangilio ya kuwashia mchezo ndani ya Steam, kisha uwatumie watengenezaji faili la kumbukumbu litakalotokea, pamoja na jina la kadi yako ya picha na toleo la dreva (programu inayoiendesha kadi hiyo). Barua ya namna hiyo husomwa.

Ikiwa mchezo umeundwa kwa Godot au Unity, ambazo ni injini (programu) za kuundia michezo, injini hizo tayari huweza kutoa toleo la mchezo la Linux, hivyo kazi kubwa hubaki kwenye majaribio, nawe ujitolee kuyafanya (andaa bando la kutosha, maana matoleo ya majaribio huwa mazito). Wakumbushe pia kwamba Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya Valve ya kuchezea michezo, iliyoingia sokoni mwaka 2022, hutumia Linux.