Fugwe ya miwa: mbona jina la kuvu limebadilika mkia?

Swali: Mwalimu shikamoo. Naandaa kipeperushi cha wakulima wa miwa. Kitabu cha zamani kinasema ugonjwa wa fugwe unaletwa na kuvu Ustilago scitaminea, kipya kinasema Sporisorium scitamineum. Hiyo -um ni kosa la chapa? Na neno fugwe nalo tulibadilishe?

Jibu: Marahaba. Hapana, si kosa la chapa, na nimefurahi sana umeliona maana wengi wanalipita tu. Mwaka 2002 wataalamu waliiondoa hiyo kuvu kwenye jenasi (yaani kundi la ndugu wa karibu) ya Ustilago wakaipeleka Sporisorium, baada ya kuangalia DNA na umbo lake wakaona ndugu zake wako huko. Sasa Kilatini nacho kina upatanisho, kama sisi na ngeli zetu: mlango mweupe, ila ukileta kiti inakuwa cheupe. Ustilago ni nomino ya jinsia ya kike kwa hiyo kivumishi chake, scitaminea, kinaishia -a, Sporisorium si ya kike wala ya kiume, basi kivumishi kikachukua -um. Neno ni lilelile, limefuata nomino mpya tu.

Ila angalia ile kuvu ya fugwe ya mahindi, Ustilago maydis, siku hizi inaitwa Mycosarcoma maydis. Jenasi imebadilika lakini maydis haijaguswa, kwa nini, kwa sababu yenyewe sio kivumishi, maana yake ni "ya mahindi", na nomino ya namna hiyo haijali imekaa na nani. Hapa ndipo watu wanapochemka, wanaona moja imebadilika mkia basi wanabadilisha zote. Na sio kila kuvu ya nafaka imehama, ile ya shayiri, Ustilago hordei, bado ipo palepale.

Fugwe usiiguse. Hilo ni jina la ugonjwa, la kile mkulima anachokiona mwenyewe, ule mjeledi mweusi unaochomoza kwenye ncha ya muwa na vumbi lake, na hautabadilika ati kwa sababu maabara wamehamisha jenasi.

Kingine, nimeona umeandika "kuvu anayeshambulia" kwenye rasimu yako. Kuvu ina uhai sawa, lakini hata mgomba una uhai na hatusemi mgomba ameanguka. Mimi ningeandika hivi: "Fugwe ya miwa inasababishwa na kuvu inayoitwa Sporisorium scitamineum, ambayo zamani iliitwa Ustilago scitaminea." Hilo jina la zamani liache humo humo, maana vitabu vingi walivyonavyo mabwana shamba bado vinalitumia.