Baba Mchungaji, tumalize paa kwanza au tutoe misioni?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji. Mimi ni mhazini wa usharika mmoja wilayani Hai. Tunajenga kanisa na tumekwama kwenye paa. Mbao na mabati vinataka kama milioni 14. Sadaka ya misioni tunaikusanya Jumapili moja tu kwa mwaka, na mwaka jana tulipata shilingi 212,000. Sasa mchungaji wetu anataka tutenge sehemu ya kumi ya mapato yote iende misioni. Kwenye baraza la wazee, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema, "Misioni ni kazi ya Wazungu. Tumalize paa kwanza." Wengi walimuunga mkono. Unatushaurije?
Mhazini, Hai

JIBU: Amina, mwanangu. Mchungaji wako yuko sahihi, nami nitakueleza kwa nini ili ukamwambie mzee kwa heshima.

Kwamba kazi hii ilianzia kwa Wazungu, hapo mzee hajakosea. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame, hapo hapo kwenu, mwaka 1893. Oktoba 1896 wenzao wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Meru. (Siku zile misioni ilitembea karibu mno na bunduki za serikali ya Kijerumani, na Wameru wengi waliuawa katika kulipiza kisasi. Hilo nalo tuwaambie watoto wetu.) Mhazini yeyote angefunga daftari la Meru pale. Lakini mwaka 1902 wamisionari wa Leipzig walirudi Meru na kuanzisha kituo cha Nkoaranga. Nauli ilitoka wapi? Ilitoka kwa washarika ambao hawakuwahi kuuona Mlima Meru, waliotangaziwa kanisani habari za vifo, kisha wakatoa tena. Nao walikuwa na mapaa yao ya kutengeneza.

Wala usidhani watumaji wa zamani wote walikuwa na fedha. Wamoravian wa Herrnhut, huko Ujerumani, walikuwa kijiji cha watu mia chache, wengi wao wakimbizi wa imani, walipowatuma Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, katika Karibi. Ilikuwa mwaka 1732, na safari waliianza kwa miguu. Kanisa hilo ndilo lililofika Rungwe mwaka 1891. Soma pia 2 Wakorintho 8: Wamakedonia walitoa wakiwa katika umaskini mwingi, tena ndio waliomsihi Paulo awaruhusu kutoa.

Sasa nikuambie langu. Kabla ya uchungaji nilikuwa mwinjilisti kijana huko Simanjiro. Usharika mmoja wa wakulima wa kahawa, sitautaja, uliahidi kunitunza: posho kidogo, gunia la mahindi kila baada ya miezi miwili, na matairi ya baiskeli. Miaka miwili walitimiza. Mwaka wa tatu wakaanza kujenga mnara wa kengele na gunia likakoma, bila hata barua. Nilikuwa na madarasa ya ubatizo kwenye maboma matatu ya wafugaji, na boma la mbali lilikuwa mwendo wa saa tano kwa miguu. Niliuza baiskeli nikanunua chakula. Boma la mbali nikalifikia mara moja kwa mwezi, halafu nikashindwa kabisa. Akina mama kumi na wanne waliokuwa wamebakiza masomo machache tu wabatizwe walitawanyika na mifugo msimu wa kiangazi, na sikuwapata tena. Mnara ule upo hadi leo, na kila nikisikia kengele yake nawakumbuka wale akina mama.

Ndiyo maana nakusihi, acheni kusubiri Jumapili moja ya mwaka. Mwinjilisti anakula kila siku, na mtoto wake anaumwa malaria bila kungoja sikukuu ya misioni. Afadhali 60,000 zinazofika kila mwezi kuliko laki kadhaa zinazofika Oktoba akiwa ameshakata tamaa. Na sehemu ya kumi mnayoiogopa inawaachia sehemu tisa kwa paa na mengine yote. Paa litachelewa, ndiyo. Pengine msimu mmoja wa mvua mtasalia chini ya turubai.

Fedha taslimu zikiwa haba, mna mnada baada ya ibada. Jumapili ya mwisho wa mwezi, mikungu ya ndizi, mayai na kuku vinavyoletwa madhabahuni viwe vya misioni, na mtangaze hivyo kabla ya mnada ili watu wapandishe bei kwa moyo. Weka daftari lake peke yake. Mwombeni mwinjilisti awaandikie kila robo mwaka, barua isomwe kanisani.

Na yule mzee usishindane naye kwenye kikao. Mwombe awe mjumbe wenu wa kwanza. Apeleke gunia la mahindi na matairi mawili kwa mwinjilisti mtakayemtunza, akae naye siku tatu, aende naye kwa miguu hadi boma la mwisho. Akirudi, mpe yeye nafasi ya kutangaza sadaka.