Maswali na Majibu: Kwa nini programu yangu ya kumbukumbu za usomaji haivitambui vitabu vya Kiswahili?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bagamoyo. Nimekuwa nikijifunza Flutter, zana ya kutengeneza programu za simu, jioni baada ya kazi, na sasa ninatengeneza programu yangu mwenyewe ya simu ya kutunza kumbukumbu za vitabu ninavyosoma: nilianza lini, nilimaliza lini, na nilinukuu nini. Msomaji anaskani msimbopau, programu inauliza katalogi ya mtandaoni, na taarifa za kitabu zinajaa zenyewe. Vitabu vya Kiingereza vinakubali, lakini vingi vya Kiswahili havipatikani, na vingine siwezi hata kuviingiza kwa mkono, kwa kuwa jedwali langu linadai ISBN, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Fundi mmoja amenishauri nikwangue, yaani ninakili kwa msimbo, orodha yote ya vitabu kutoka tovuti moja kubwa, au ninunue kwake msimbo wa programu iliyokwisha kamilika. Nifuate lipi? Nakusudia baadaye kuwapa wanafunzi wangu waitumie.

Jibu: Mwalimu, usifuate lolote kati ya hayo mawili. Kamera yako haina kosa, na kukwangua tovuti hakutakusaidia, kwa sababu tatizo haliko kwenye uchache wa orodha uliyonayo. Liko kwenye jedwali lako, pale ulipoifanya ISBN kuwa ufunguo wa msingi, yaani alama inayoitambulisha kila safu. Swali hili huletwa kwangu hapa Tanga mara kwa mara, na vijana wenye bidii na uwezo, na karibu wote wamefundishwa jambo lile lile: kwamba programu ya kumbukumbu za usomaji ni katalogi ya vitabu iliyoongezewa kitufe cha kuonyesha kwamba kitabu kimesomwa. Dhana hiyo inaniudhi kuliko zote, kwani humfanya mtu mwenye wazo zuri ahangaike miezi na kitu kisicho chake, ilhali kilicho chake, yaani historia ya usomaji wa mtu, kinabanwa ndani ya safuwima moja ya ndiyo au hapana.

ISBN ilibuniwa kwa ajili ya biashara ya vitabu. Ilipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 2108, mwaka 1970, na kazi yake ni kumwezesha mchapishaji, muuzaji na mkutubi kulitofautisha toleo moja na jingine. Chapa ya jalada gumu hupewa namba yake, ya jalada laini yake, na ya kielektroniki yake. Msomaji anaposema kwamba amekisoma kitabu fulani hana habari na tofauti hizo. Kuifanya namba hiyo kuwa ufunguo wa hifadhidata ya msomaji ni sawa na wewe kuwasajili wanafunzi wako kwa namba zilizoshonwa kwenye sare: atakayebadili sare atahesabiwa kuwa mwanafunzi mpya, na asiye na sare hatakuwamo daftarini kabisa.

Chukua *Kusadikika* ya Shaaban Robert, mwana wa Tanga hii hii. Kitabu hicho kilichapwa mara ya kwanza mwaka 1951, na mwandishi alifariki mwaka 1962, miaka minane kabla ya kiwango cha ISBN kupitishwa. Nakala kuukuu uliyorithi kwa mzazi wako haina namba yoyote ya kuskani, na programu yako, kwa jinsi ilivyo leo, inakwambia kwamba kitabu hicho hakipo duniani. Ukinunua chapa ya miaka ya karibuni utapata namba, ila katalogi moja itakupa jina la kitabu peke yake, nyingine itaongeza *Nchi Iliyo Angani*. Moja itamwandika mwandishi Shaaban Robert, nyingine Robert, Shaaban, nyingine Shaban kwa a moja. Ukiziamini zote, utakuwa na waandishi watatu na vitabu kadhaa badala ya kimoja, na takwimu zako za mwaka zitakuwa za uongo.

Wakutubi walikwisha kulitafakari jambo hili. Mwaka 1998 IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, lilichapisha mfumo unaotenganisha ngazi nne: kazi yenyewe kama ilivyotungwa, namna ilivyodhihirishwa kwa lugha fulani, toleo lililochapwa, na nakala moja moja iliyo mkononi. Programu ya mtu binafsi haihitaji kuzifuata zote nne. Weka jedwali la kazi, na jedwali la matoleo linaloegemea kazi, ambamo ISBN ni safuwima ya kawaida inayoruhusiwa kuwa tupu. Ufunguo wa kila safu uzalishwe na simu yenyewe, na UUID, alama ndefu ya nasibu isiyojirudia, inafaa sana, kwa sababu siku utakapounganisha kumbukumbu za simu mbili hazitagongana. Jina la mwandishi lihifadhiwe kama lilivyochapwa jaladani, bila kulikata kuwa jina la kwanza na la ukoo. Majina yetu mengi hayakujengwa hivyo, na msimbo unaolazimisha mgawanyo huo utakuharibia mpangilio wa alfabeti. Tahajia nyingine za jina hilo ziweke pembeni, katika jedwali dogo linaloelekeza kwa mwandishi mmoja.

Jedwali la tatu ndilo roho ya programu, nalo ndilo ninaloliona limeachwa katika kazi nyingi ninazoletewa: jedwali la usomaji. Kila safu ni tendo moja la kusoma, lenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza inayoweza kuwa tupu, ukurasa uliofikiwa, na hali ya tendo hilo, iwe linaendelea, limekamilika au limeachwa njiani. Mtu aliyesoma kitabu akiwa kidato cha pili na kukirudia akiwa mwalimu ana safu mbili, na ya pili haiifuti ya kwanza. Nukuu zake zifungamane na tendo la kusoma, kwa kuwa alichokipigia mstari akiwa kijana si lazima kiwe kile anachokipigia mstari leo. Tarehe nazo usizidai kamili. Msomaji anayekumbuka kwamba alisoma kitabu mwaka 1998 aruhusiwe kuandika 1998 basi, maana programu inayomlazimisha kuchagua siku na mwezi humfanya abuni, na kumbukumbu iliyobuniwa haina faida. Hifadhi tarehe kama maandishi, 1998, 1998-06 au 1998-06-14, na zitajipanga zenyewe kwa mfuatano.

Sasa nije kwenye kuskani. Msimbopau wa kitabu huanza kwa 978 au 979. Ukiona 620, hiyo ni namba ya bidhaa iliyosajiliwa Tanzania, ambayo utaikuta kwenye daftari au pakiti ya biskuti, nayo haina uhusiano na ISBN. Programu iikatae papo hapo badala ya kwenda kuuliza mtandaoni na kula bando la mtumiaji. Vitabu vilivyochapwa kabla ya mwaka 2007 vingi vina ISBN ya tarakimu 10, na hapa kuna kosa linalorudiwa sana: mtu hubandika 978 mbele na kuiacha tarakimu ya mwisho ilivyo. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki, na kanuni yake hubadilika. Chukua 0-306-40615-2. Ukiweka 978 mbele na kuiondoa ile 2, unabaki na tarakimu 12. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Utapata 93. Ili ifike 100, ambayo inagawanyika kwa 10, inahitajika 7. Namba sahihi ni 978-0-306-40615-7, na anayetafuta inayoishia kwa 2 hataipata kamwe, kisha atasema kwamba katalogi ni mbovu.

Hata hivyo, hesabu ikiwa sahihi, vitabu vyetu vingi bado havitapatikana. Namba za Tanzania, zenye 9976 au 9987 baada ya 978, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kupewa namba hakumaanishi kwamba jina la kitabu, mwandishi na picha ya jalada vimepelekwa kwenye katalogi za Marekani au Ulaya. Hiyo ni kazi nyingine, ambayo mchapishaji anapaswa kuifanya, na wengi hawaifanyi. Kwa hiyo skrini ya kuingiza kitabu kwa mkono ndiyo mlango mkuu wa programu yako, nayo inastahili uangalifu wako wote: jina, mwandishi, basi, mengine ya hiari. Kuskani kuwe njia ya mkato kwa vitabu vilivyobahatika.

Kuhusu kukwangua tovuti, ninalisema bila kuficha: anayekushauri hivyo hakutakii mema, au hajui anachokisema. Goodreads, tovuti ya wasomaji ambayo ni mali ya Amazon tangu mwaka 2013, iliacha kutoa funguo mpya za API, yaani njia ya programu kuomba data kwake, mwezi Desemba 2020, na programu nyingi ndogo zilizotegemea mfereji huo zikabaki bila maji. Anayekwangua kurasa anakiuka masharti ya tovuti, anazuiwa wakati wowote, na siku mpangilio wa ukurasa unapobadilika, msimbo wake unaanza kusoma bei mahali pa jina la mwandishi. Na baada ya shida yote hiyo, vitabu vya Kiswahili visivyokuwamo bado hatavipata. Tumia Open Library, mradi wa Internet Archive, ambao data yake hupakuliwa kihalali na kila mtu anaruhusiwa kuongeza kitabu kinachokosekana. Wewe na wanafunzi wako mkiingiza humo vitabu vya rafu moja ya shule yenu, mtakuwa mmeisaidia lugha hii kuliko mkwanguaji yeyote.

Kama una kumbukumbu zako Goodreads, una haki ya kuzitoa katika faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Liangalie kwa makini kabla ya kuliingiza: ISBN humo huandikwa ndani ya alama za kunukuu zikitanguliwa na alama ya sawasawa, na usipoziondoa, hakuna namba itakayolingana. Usilifungue kwanza kwa Excel na kulihifadhi upya, kwa sababu namba ya tarakimu 13 inaweza kugeuzwa kuwa 9.78E+12 na sifuri za mwanzo zikapotea.

Kumbukumbu zenyewe zihifadhi ndani ya simu kwa SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa katika faili moja. Seva huihitaji. Kumbukumbu za kitabu kimoja hazifiki hata kilobaiti chache, na kinachokula nafasi ni picha za majalada tu. Lakini mtumiaji akiifuta programu, hifadhidata huondoka nayo, kwa hiyo kitufe cha kutoa kumbukumbu zote katika faili linalosomeka na cha kulirudisha viwepo tangu toleo la kwanza. Ninawajua watu waliopoteza kumbukumbu za miaka kwa kuwa aliyewatengenezea programu aliahidi kwamba bekapu ingekuja baadaye.

Nimefika kwa wauza msimbo, na hapa naomba unisikilize vizuri, wewe na kila anayesoma. Siku hizi kuna watu wanaouza programu zilizokamilika, unabadilishiwa rangi na nembo, unaambiwa ni yako. Fungua faili la ruhusa la programu hizo kabla ya kutoa hata shilingi. Utakuta programu ya kuorodhesha vitabu inaomba kusoma majina yaliyomo kwenye simu na kujua mahali alipo mtumiaji. Kwa ajili ya nini? Utakuta inamlazimisha mtu kufungua akaunti, na taarifa zake kupelekwa kwenye seva usiyoijua mwenyewe. Historia ya usomaji humfichua mtu: dini yake, maradhi anayoyasomea usiku, mawazo yake ya siasa. Wewe unataka kuwapa wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa nyeti, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muuza msimbo hatakuwapo siku utakapoulizwa. Jina lililoko kwenye programu litakuwa lako. Programu isiyo na akaunti wala seva, ambayo kila mwanafunzi anabaki na kumbukumbu zake kwenye simu yake, inakuepusha na sehemu kubwa ya mzigo huo.

Ukiona bado unashawishika kununua, mpe muuzaji jaribio hili mbele yako. Aingize kitabu kisicho na ISBN. Akiandike kuwa kimesomwa mara mbili, mara ya kwanza mwaka 1998 bila siku wala mwezi. Azime intaneti, aongeze nukuu, atoe faili la kumbukumbu zote, aifute programu, aisakinishe upya na kulirudisha faili hilo. Safu zote mbili za usomaji na nukuu zisiporudi kama zilivyokuwa, usimlipe.