Websaiti yako usiikague kwa macho tu, iachie Pa11y

Wadau wa kuandika kodi (code) za websaiti hapa Mwanza, bado kuna watu wanamaliza websaiti, wanaifungua kwenye simu, wanasema mbona iko freshi, wanamkabidhi mteja. Sasa asiyeona anasomewa skrini kwa sauti na programu kama TalkBack ya simu au NVDA ya kompyuta, na kama batani yako ni kapicha ka kapu tu bila jina, anasikia "batani" basi, ya nini hajui.

Mimi natumia Pa11y, programu ya kukagua kama websaiti inatumika na watu wenye ulemavu, ni ya bure, unatakiwa uwe na Node.js (inayoendesha JavaScript kwenye kompyuta) halafu kwenye terminali unaandika npm install -g pa11y, ikishakaa unaiita na anwani ya ukurasa. Inashusha na Chrome yake kwa hiyo bando jipange. Yenyewe inafungua ukurasa kimyakimya, inaupima kwa WCAG, yaani viwango vya kimataifa vya websaiti inayofikika na wote, daraja la AA, inakutajia kosa pamoja na kipande cha HTML chenye shida.

Mfano websaiti ya muuza dagaa wa Mwaloni pale Kirumba, bei zimeandikwa kijivu #999 juu ya nyeupe, eti ndo kisasa. Uwiano wa mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma hapo ni kama 2.85 kwa 1 na maandishi ya kawaida yanatakiwa 4.5 kwa 1. Weka #767676, inapita kwa kubanana. Na hii sio ya wasioona vizuri peke yao, jaribu kusoma kijivu kile ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga jua la saa saba uone.

Ila usiwe unairun kwa mkono, utasahau tu. Iweke GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha kazi zenyewe, ijirun kila ukipusha kodi: ikimaliza inarudisha namba, 0 safi, 2 kuna makosa, 1 yenyewe imekwama, kwa hiyo ikitoa 2 hakuna kupandisha kitu. Kama websaiti ni ya zamani na makosa yamejaa, tumia --threshold uruhusu idadi iliyopo leo halafu uwe unaishusha taratibu, la sivyo bosi atakwambia uizime siku hiyohiyo.

Na isikudanganye, picha ya sato ukiiandikia alt="picha" (alt ndo maelezo anayosomewa asiyeona) inapita, haijui kama umeandika pumba. Vilevile templeti nyingi zinakuja na lang="en", yaani lugha ni Kiingereza, ukurasa wote Kiswahili ila sauti inausoma Kizungu, aisee hauelewi kitu, na Pa11y imekaa kimya. Andika lang="sw", halafu washa TalkBack uisikilize mwenyewe kabla hujamtumia mteja linki.