Vitundu ambavyo skana haivioni

SWALI: Nimepiga skani ya eksirei kipande cha mwamba wa chokaa chenye kipenyo cha milimita 38. Programu imenipa uwazi (sehemu ya mwamba iliyo vitundu) wa asilimia 7, ila kipimo cha gesi ya heliamu kimetoa 15. Kizingiti cha kijivu, yaani mpaka wa kutenganisha jiwe na hewa kwenye picha, nikiweke wapi ili namba zilingane?

JIBU: Kwa nia hiyo, usikiweke popote. Karibu kila anayeniuliza hivi huwa ameshaanza kukisogeza. Ukikisogeza vya kutosha utaipata 15, na ukitaka utaipata hata 30, huku ukiziita chembe za jiwe vitundu.

Tuseme picha yako ina upana wa pikseli 2,000. Gawanya milimita 38 kwa hizo: kila pikseli imebeba mikrometa 19. Kitundu kikitakiwa kuonekana kwa uhakika, kienee pikseli tatu hivi, yaani karibu mikrometa 60. Chokaa huwa na vitundu tele visivyofika hata mikrometa 5. Hivyo huchanganyika na jiwe ndani ya pikseli moja na kutoa kijivu cha katikati, ambacho programu inakulazimisha ukiite ama jiwe ama hewa. Heliamu yenyewe haitazami, inapenya.

Basi piga skani kipande kikiwa kikavu, kijaze maji yenye iodidi ya potasiamu (chumvi yenye iodini), kisha kipige tena bila kukisogeza na uondoe picha ya kikavu kutoka kwenye ile ya maji, pikseli kwa pikseli. Iodini huzuia sana eksirei, kwa hiyo palipong'aa zaidi pana uwazi uliopitisha maji, hata kama kitundu chenyewe hukioni. Kipande kingine cha milimita 5 kitakushusha hadi mikrometa 2.5. Chini ya hapo nenda kwenye hadubini ya elektroni.

Wanaonichosha ni wauzaji wa programu za "kunoa" picha. Programu iliyofunzwa kwa mwamba mwingine itakuchorea vitundu vya mwamba huo, na vitapendeza kweli. Nyufa nazo ni hivyo hivyo: ukiziona nyembamba, tupu, zisizo na madini ndani, zinazofuata ukingo wa kipande, shuku kwanza msumeno na tanuri la kukaushia. Niliwahi kuletewa ripoti nene iliyokokotoa upenyezaji wa mwamba (urahisi wa maji kupita ndani yake) kutokana na nyufa za namna hiyo. Nilipoomba kipande kilichomiminiwa gundi kabla ya kukatwa, ili nione kama nyufa zilikuwepo kabla ya msumeno, hakikuwepo.